Waliochomelea Moyo wa Kinga

Mniruhusu nianze na hasira. Nikianza na salamu, nitapoa, na mimi sitaki kupoa kabla sijasema.

Nimeshika spana katika mji huu wa Bukavu tangu ndevu zangu zilipoanza kuota, mpaka macho yalipoanza kuona ukungu mahali pasipo na ukungu. Sasa nakaa nyumbani Cimpunda, nasikiliza redio, napika uji wangu. Watu bado wananiletea baiskeli, ambayo sisi huku tunaiita kinga, nami nazitazama kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Ninyi vijana mliochukua kazi hii baada yetu, haya ni yenu. Mkikasirika, vizuri. Tutakuwa sawa.

Tuanze na neno, kwa sababu balaa lote lilianzia kwenye neno. Kile kitumbo cha chuma kilicho katikati ya gurudumu, kinachoshika spoki zote, Wabelgiji walikiita moyeu kwa Kifaransa. Babu zetu katika kazi walisikia moyo, nacho kikabaki kuwa moyo. Kwa kinga ya kawaida hakuna tatizo. Lakini kuna kinga za gia za ndani, zile zinazotoka Ulaya ndani ya makontena zikiwa zimekwisha kutumika, nzito, zilizonyooka mgongo, ambazo ukitazama nyuma huoni rundo la meno, unaona jino moja tu, kile kisahani cha kuvutwa na mnyororo, na moyo mnene. Humo ndani ya moyo ndimo zilimo gia tatu. Nyingine zina breki humo humo: ukirudisha pedali nyuma, gurudumu linashikwa. Hakuna waya wa breki, hakuna mpira wa kulowa mvua. Mtu aliyebuni kitu hicho hakuwahi kuiona Bukavu, lakini mji huu wa kupanda na kushuka ni kama alichorewa.

Sasa ninyi, kwa sababu kinaitwa moyo, kikikohoa kidogo mnatangaza msiba. "Moyo imekufa." Mwenye kinga akisikia hivyo anainamisha kichwa na kukubali. Nani anabishana na msiba? Kisha mnawasha mashine ya kuchomelea.

Mimi nilifundishwa na Tonton Mulonda, tonton ndiyo mjomba kwa Kifaransa, mtu wa Mwenga, aliyekuwa fundi kwenye atelie, karakana, ya parokia moja. Alikuwa mrefu, mkali, na alinuka mafuta ya cherehani hata siku ya Jumapili kanisani. Wake za watu walisema akipita huhitaji kufungua macho kujua ni nani. Masista na walimu walimletea zile kinga za gia za ndani, na yeye hakugusa spana kwanza. Alifunga kamba kwenye boriti, akaining'iniza kinga nyuma juu, akazungusha pedali taratibu kwa mkono mmoja, akafumba macho.

Siku yangu ya kwanza nilidhani anasali. Nikanyamaza kwa heshima. Alipofumbua macho aliniuliza, "Umesikia nini?"

"Hakuna kitu, tonton."

"Njo maana nilikuambia ukae hapa. Iache iseme kwanza. Ikimaliza kusema, njo utauliza."

Akanifundisha. Kwenye gia ya kwanza, ile ya kupandia, moyo hunyamaza. Kwenye ya pili na ya tatu hutikatika kama saa ya ukutani, tik, tik, tik, na huo si ugonjwa, ni vikucha vidogo vya ndani vinavyoruka juu ya meno yake. Vijana wangapi wameniletea kinga wakisema "Papa, iko inalia," nami nikawaambia mshukuru Mungu kwamba inalia. Ikikaa kimya kwenye gia zote tatu, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Na kuna kitu kingine ambacho mkikijua hiki tu, nitakufa nimeridhika. Katikati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali patupu. Ukikanyaga hapo, miguu inazunguka bure, kinga haiendi popote, na mpandaji anaweza kujigonga kifua kwenye usukani. Kila asiyejua hudhani moyo umekatika ndani. Haujakatika. Ni kale kamnyororo kembamba kanakotoka kwenye tundu la ekseli, kanakovutwa na waya wa gia, kamelegea. Unaweka gia ya pili. Unatazama ndani ya tundu la nati. Unazungusha kale kapipa ka kurekebishia mpaka alama ya kile kijiti cha ndani ilingane na ncha ya ekseli. Unakaza. Umemaliza. Kazi hiyo unaweza kuifanya huku unasubiri chai ipoe.

Kosa lingine la mji huu, na hili nililicheka kwanza kabla ya kukasirika. Palikuwa na Papa Cirhuza wa Mudaka, aliyekuwa akileta kabichi mjini kwenye kinga ya gia tatu. Alikuwa mkulima hodari, mkarimu, na mbishi kupita kiasi. Siku moja akaniletea kinga, gia hazishiki asubuhi, mchana zinarudi zenyewe. Nikaining'iniza, nikazungusha. Moyo ukatoa sauti ya mtu anayekula ugali mbichi. Nikafungua. Ndani mlikuwa mwekundu.

"Papa Cirhuza, umeweka nini humu?"

"Mawese."

"Mawese ya kula?"

"Kwani kuko mawese gani ingine? Mutu akikula mawese anapata nguvu. Basi moyo ya kinga je? Yee njo anabeba kabichi, mimi niko nakanyaga tu."

Sasa umwambie nini mtu kama huyo? Alikuwa na mantiki, ila ilikuwa ya jikoni. Asubuhi Mudaka kuna baridi, mawese yanaganda, vikucha vinanata, gia zinapotea. Jua likipanda yanayeyuka, mzee anasema kinga imepona. Na mbwa wa njia nzima walikuwa wanamfuata wakiramba gurudumu. Nilisafisha kila kijino kwa petroli, nikavipanga juu ya kitambaa kwa utaratibu vilivyotoka, kama Tonton Mulonda alivyonifundisha, nikarudisha, nikaweka mafuta mepesi ya cherehani, matone machache tu, kupitia kale katundu. Si grisi nzito. Si oili chafu ya moto, zile pikipiki, mnayoiokota kwenye gereji. Na si mawese. Papa Cirhuza alikubali, lakini sijui kama alinisadiki, maana aliniuliza kama angalau siku ya Pasaka anaweza kuipa kidogo.

Huyo alikosea kwa upendo. Nimemsamehe. Ninaowakasirikia ni wengine.

Sasa niwaambie kuhusu Nabintu.

Maman Nabintu ni mkunga. Anakaa upande wa Panzi, na kazi yake iko kwenye kituo kidogo cha afya njia ya Mumosho, kule chini kuelekea mto Ruzizi. Alipokuwa mtoto aliugua, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba na mfupi. Hutembea akijisukuma na ule wa kulia. Kwa miaka mingi alipanda moto za abiria, na madereva wale walimchelewesha, au hawakuonekana siku za mvua, na akina mama wa kule hawazai kwa kufuata ratiba ya moto. Msimamizi wake alikwisha kumwambia kwamba asipoweza kufika kwa wakati, kuna wengine wanaotaka nafasi ile.

Alikuja kwangu na kinga ya kike, nyeusi, ya gia tatu na breki ya ndani. Akasema, "Papa Mugisho, nitengenezee hii kwa mwili wangu. Usinitengenezee kwa mwili ya mutu mwingine."

Katika miaka yangu yote hakuna mteja aliyeniagiza sawasawa kama yeye. Niliweka jino la nyuma kubwa zaidi, ili ile gia ya kupandia iwe laini kabisa, mguu mmoja uweze kuifanya kazi ya miguu miwili. Pedali ya kushoto niliinua kwa kipande cha mti wa mvule, nikakifunga kwa boliti, nikaweka na mkanda wa ngozi wa kuushika mguu, ili ule mfupi ufike na usiteleze. Nyuma nikaweka kibebeo cha nondo nyembamba kwa ajili ya sanduku lake la vifaa. Breki ya mbele nikaiacha, lakini nikamwambia asiitegemee: mvua ikinyesha, ule mpira unateleza juu ya janti, ile duara ya chuma ya gurudumu, na kukupa salamu tu. Breki yako ya kweli iko kwenye miguu. Nikamwonyesha ule mkono wa chuma unaotoka kwenye moyo na kufungwa kwenye fremu, nikamwambia, huu ukilegea, usipande. Akaurudia kwa kidole na kwa mdomo mpaka nikaridhika.

Alipanda kinga ile miaka mingi. Nilipokuwa bado na kibanda changu alipita akipiga kengele bila kusimama, na mimi nilisikiliza moyo unavyotikatika akishuka. Akina mama wa kule waliijua kengele hiyo. Wengine walisema uchungu unapungua wakiisikia. Msimamizi hakusema tena habari za nafasi.

Kisha mimi nikastaafu. Macho. Na kule Panzi, barabarani, pakafunguliwa kibanda kipya chenye bango kubwa lililochorwa gurudumu linalowaka moto. Mwenyewe anaitwa Patient, jina la Kifaransa lenye maana ya mtu mvumilivu. Wazazi wake walimtakia mema. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, si kijana wa kuonewa huruma. Ana mashine ya kuchomelea, simu kubwa ya kutazamia video, na ulimi mtamu. Kitu pekee asichonacho ni dakika ya kunyamaza.

Mwanzoni mwa mvua hizi, waya wa gia wa Nabintu ukalegea. Ilikuwa ile ile ya mahali patupu: anakanyaga, miguu inazunguka bure. Hakutaka kunisumbua mimi mzee mwenye macho mabovu. Patient alikuwa njiani. Akaiacha kinga kwake asubuhi, akapanda moto kwenda kazini, akairudia jioni.

Patient hakuining'iniza. Hakusikiliza. Alizungusha pedali kwa mkono, ikazunguka bure, akatoa hukumu. Akachomelea jino la nyuma na moyo vikawa kitu kimoja. Akamwambia Nabintu, "Maman, moyo ilikuwa imekufa. Sasa nimeifunga. Hakuna gia tena, lakini itatembea." Akaijaribu mbele ya kibanda, mahali palipo tambarare, na kweli ilitembea. Nyumbani kwa Nabintu ni jirani, akaikokota bila kuipanda.

Mnaelewa alichofanya? Wale mnaojua, mmekwisha kushika kichwa. Wale msiojua, sikilizeni. Moyo ukichomelewa hivyo, pedali zinafungwa na gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, utake usitake. Huwezi kutuliza miguu. Na ile breki ya ndani imekufa humo humo. Ukirudisha pedali nyuma kama ulivyozoea, hazirudi. Zinakurusha.

Kesho yake asubuhi ilikuwa mvua. Nabintu akashuka kuelekea Mumosho. Kinga ikaanza kukimbia, pedali zikaanza kuikimbiza miguu yake, na ule mguu wa kushoto, uliofungwa kwa ule mkanda wangu wa ngozi, haukuweza kufuata kasi hiyo. Akafanya alichofanya kila siku kwa miaka: akarudisha miguu nyuma. Pedali ikaupiga mguu wa kulia. Akabana breki ya mbele, ikampa ile salamu niliyomwambia. Walimwokota kwenye mfereji watu waliokuwa wanakwenda shambani, akapelekwa hospitali.

Habari ilinifikia Cimpunda mchana. Kinga waliileta kwangu wale wale wakulima, wameibeba begani kwa zamu. Sikuhitaji macho. Niliupitisha mkono kwenye moyo, vidole vikakuta lile donge la chuma kilichoyeyuka, gumu, lenye miiba. Nilikaa chini. Kisha nikafanya jambo ambalo mke wangu ananicheka nalo mpaka leo: nikapapasa waya wa gia mpaka kwenye kale kamnyororo. Kalikuwa kazima. Kalikuwa kamelegea tu. Nikakazungusha, kwa hasira, kana kwamba bado kuna faida. Alama ikalingana na ekseli. Hapo ndipo nilipolia, na sioni aibu kuandika.

Nikamwomba mtu wa moto anipeleke Panzi pamoja na kinga. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kidogo, nyuma palikuwa pazima. Nikamkuta Patient amekaa kwenye kiti chake anakunywa soda.

"Papa Mugisho, karibu. Muzee yetu."

"Kinga hii unaijua?"

Akaitazama. "Ya ule maman wa kilema. Nilimusaidia. Moyo ilikuwa imekufa."

"Ulifungua?"

"Papa, kufungua inachukua wakati."

"Uliisikiliza?"

Akacheka kidogo, akawatazama wateja wake ili wacheke naye. "Kusikiliza chuma?"

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nikamwambia, "Vizuri. Uliitengeneza, iko muzuri. Ipande. Shuka nayo huku kwenye mteremko mpaka chini, halafu urudi unieleze."

Akainuka. Akaishika usukani. Akaitazama barabara inavyoshuka, ikiwa bado imelowa, malori yanavyopanda. Akaweka mguu kwenye pedali, akairudisha nyuma, ikakataa. Akaijaribu tena. Nikaona uso wake unabadilika, hata kwa macho yangu haya.

"Papa," akasema kwa sauti ndogo, "na frein, ile breki, iko wapi?"

Nilimwambia afunge kibanda, twende hospitali.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi wahenga hawakuijua kazi yetu. Asiyesikia alikuwa Patient, na guu lililovunjika ni la Nabintu. Fundi akikosea, maumivu hayamwendei fundi. Yanamwendea aliyepanda. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Tulimkuta Nabintu amelala, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka kwenye kifundo mpaka juu ya goti. Patient alisimama mlangoni. Akasema, "Maman, pole. Munipe pardon, munisamehe. Sikujua."

Nabintu hakuwa na hasira. Hasira ilibaki kwangu mimi. Akaigusa ile plasta.

"Weye uko na miguu mbili," akamwambia. "Mimi nilikuwa na moja. Njo hii. Ule mwingine unanifuataka tu."

Patient akatoka nje. Nilimsikia huko ukumbini anapenga kamasi. Nilimwacha apenge. Sikumfuata kumfariji, na sitajuta.

Sasa mtaniuliza, Papa Mugisho, kuchomelea kabisa ni mwiko? Hapana. Chomeleeni kibebeo. Chomeleeni fremu iliyopasuka, mkijua kuchomelea. Lakini kitu kinachozunguka ndani ya kingine, kilichofanywa kizunguke, usikifunge kwa moto kwa sababu hukuelewa kinavyozunguka. Kuuliza si ujinga. Mimi niko Cimpunda, uliza mtu yeyote akuonyeshe kwa muzee wa kinga. Njoo na kinga iliyokushinda, tuining'inize, tunyamaze pamoja. Mnaona aibu kumwambia mteja "sijui"? Mwambieni. Mteja atakwenda kwa mwingine. Atakwenda akiwa na miguu yake.

Na simu zenu hizo si adui. Nimeonyeshwa video, mjukuu wangu akanisomea maneno, na yule Mzungu wa kwenye video alifanya kila kitu kama Tonton Mulonda, hata kile kitambaa cha kupangia vijino. Mnatazama hayo yote, kisha mnawasha mashine. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Moyo ule wa Nabintu haukutengenezeka. Nilijaribu kwa msumeno na tupa, chuma kilikuwa kimeyeyuka mpaka kwenye vikucha. Tukazunguka soko la Kadutu, kwenye malundo ya vyuma vikuukuu, mimi na Patient. Yeye alikuwa macho, mimi nilikuwa vidole. Alikuwa ananiokotea magurudumu, nami nayazungusha sikioni, natupa, nazungusha, natupa. Wauza vyuma walidhani tumerukwa na akili. Tulipopata unaotikatika, wa gia tatu na breki ya ndani, nilimpa yeye ausikilize kwanza. Alifumba macho bila kuambiwa. Sikumsifu.

Alifungua mwenyewe, juu ya kitambaa, mbele yangu. Akasafisha, akarudisha, akaweka mafuta mepesi. Akafunga spoki moja moja, nami nazipapasa na kumwambia hii imelegea, hii umekaza kupita kiasi, anza upya. Alianza upya mara nyingi, na mimi nilikuwa mkali kuliko ilivyolazimu. Ule mkono wa breki aliufunga kwenye fremu, akauvuta kwa nguvu zake zote. Kisha akaipanda mwenyewe kwenye mteremko, akashuka, akarudisha miguu, ikashika.

Msimamizi wa kule Mumosho ameweka mkunga mwingine, kwa muda, ndivyo anavyosema. Daktari naye anasema tuvumilie, mfupa ulivunjika vibaya, na hajui kama utabeba uzito kama zamani. Patient hupita kila akitoka hospitali kunipa habari, na kila mara ananiuliza kama kuna kitu kingine cha kufanya kwenye ile kinga. Namwambia hakuna. Kinga imekwisha kupona, iko hapa ukutani. Tunangoja mguu.